Kompyuta Ni Yangu, Ufunguo Ni Wao

Asubuhi moja ya mwaka 2016 niliwasha kompyuta yangu mpakato ili nikamilishe maandalizi ya mhadhara wa saa nne. Badala ya picha niliyoizoea, skrini ilibaki nyeusi, ikiwa na mistari miwili ya maandishi meupe. Mistari hiyo ilinijulisha kwamba faili la kuanzishia mfumo endeshi halionekani, na ikanielekeza nitumbukize diski ya urejesho iliyokuja na mashine kisha nijaribu tena. Niliizima nikaiwasha. Nilirudia hivyo mara saba au nane, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama.

Mhadhara haukuwa tatizo. Chaki ilikuwepo, na niliyotaka kuyasema nilikuwa nayo kichwani. Kilichonitoa jasho ni kitu kingine. Kati ya mwaka 2012 na 2013 nilizunguka vijiji vya Mwanza na Shinyanga nikiwahoji wazee waliopata kuwa makarani, wapima pamba na wanachama wa kawaida wa vyama vya ushirika. Nilirejea Dar es Salaam na zaidi ya saa arobaini za sauti. Nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi chini ya robo yake, na wazee watatu kati ya wale niliowahoji walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sauti zao zilikuwa ndani ya kompyuta ile, na hazikuwepo mahali pengine popote. Mimi ninayewafundisha vijana namna ya kuhifadhi vyanzo vya historia nilikuwa nimeviweka vyanzo vyangu mahali pamoja tu, tena mahali ambapo ufunguo wake sikuwa nao.

Niliitafuta diski hiyo ya urejesho nyumba nzima. Boksi la kompyuta lilikuwa bado juu ya kabati, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya dhamana iliyokwisha muda, kijitabu cha lugha kumi na moja ambazo Kiswahili si mojawapo, na mfuko wa plastiki mtupu. Nilirudi kwenye duka nililoinunua mwaka 2011. Muuzaji alinieleza kwa utulivu kwamba mashine za aina ile hazikuja na diski. Mtengenezaji alikuwa ameacha utaratibu wa zamani wa kuweka diski ndani ya boksi. Badala yake alitenga sehemu iliyofichwa ndani ya diski kuu ya kompyuta, akahifadhi humo nakala ya mfumo, na kumtaka mnunuzi ajitengenezee diski zake mwenyewe.

Hapo nikakumbuka. Katika miezi ya mwanzo kompyuta ilinikumbusha mara kadhaa kwamba sijatengeneza diski za urejesho, nami kila mara nilibonyeza kitufe cha kuahirisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sitaki msomaji adhani kwamba naandika makala haya ili kuwatupia wengine lawama zote. Sehemu yangu ninaibeba.

Lakini hebu tuutazame utaratibu wenyewe. Dawa ya mgonjwa imefichwa ndani ya tumbo la mgonjwa. Diski kuu ikifa, na diski kuu ndiyo moja ya viungo vinavyokufa mapema katika kompyuta mpakato, kinachokufa ni mfumo pamoja na nakala iliyowekwa akiba kwa ajili ya siku ambayo mfumo utakufa. Ni sawa na mwenye nyumba kuuweka ufunguo wa akiba mezani sebuleni, kisha akafunga mlango na kutoka. Mnunuzi aliambiwa kwamba huku ni kumrahisishia maisha. Aliyerahisishiwa hasa ni mtengenezaji, aliyepunguza gharama ya diski mbili tatu katika kila boksi na kuihamishia kwa mteja asiyejua kwamba amekabidhiwa.

Niliiandikia kampuni. Jibu lilikuja baada ya siku nne, lenye adabu kabisa, likisema kwamba diski za toleo lile haziuzwi tena. Mashine ilikuwa na umri wa miaka mitano. Sufuria ya mama yangu ilikuwa na umri wa miaka thelathini.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi katikati ya jiji. Aliiwasha, akasoma ile mistari miwili, akaizima. "Prof, bila diski zake hii haitengenezeki. Labda tupige Windows upya, lakini vitu vyote vitaondoka. Ushauri wangu, nunua nyingine." Wasomaji walio nje ya Tanzania wajue kwamba "kupiga Windows" ndiyo lugha ya mitaani ya kuweka mfumo endeshi upya. Ni huduma inayouzwa kila kona, na imewahi kufuta tasnifu nyingi kuliko moto na mchwa.

Fundi wa pili nilielekezwa na katibu muhtasi wa idara yetu. Alikuwa Kariakoo, ghorofa ya pili, kwenye ujia mwembamba wenye mafundi tisa au kumi waliokaa bega kwa bega. Skrubu zake alizipanga ndani ya vizibo vya soda ili zisichanganyike. Kijana alinyanyuka kuniamkia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye daktari."

Alitabasamu, akaniomba nikae kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sikuulizwa habari ya diski. Aliisikiliza mashine kwa sikio kama mkunga anavyomsikiliza mtoto tumboni, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. "Mwalimu, unataka mashine iwake, au unataka vitu vyako?"

Kwa kweli sikumwelewa. Kwangu mimi mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Akanieleza taratibu. Diski ya urejesho, hata kama ningekuwa nayo mkononi, ingeirudisha kompyuta katika hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani, yaani safi, inayowaka vizuri, na tupu. Kwa mashine kama ile yangu, utaratibu huo ulifuta kila kilichomo kabla ya kuandika upya. Laiti ningeipata ile diski niliyoitafuta kwa machozi, ningewazika wazee wangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikifuata maelekezo ya kwenye skrini.

Tafadhali msomaji litafakari jambo hili kidogo. Neno ni "urejesho", na mtu aliyepoteza kitu akisikia neno hilo hudhani kwamba atarejeshewa alichopoteza. Kumbe kinachorejeshwa ni kile anachokitambua mtengenezaji, yaani mfumo wake, programu zake, na nembo yake inayong'aa mashine inapowaka. Kazi ya mwenye kompyuta haimo katika hesabu hiyo.

Kijana alichomeka flashi yenye mfumo wa Linux, ule uliotokana na kazi aliyoianza mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, mwaka 1991, na ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Kompyuta iliwaka kutoka kwenye flashi hiyo bila kuigusa diski yangu. Baada ya muda majina ya makabrasha yangu yakaonekana, moja baada ya jingine. Nilitaka afungue faili mojawapo pale pale nisikie sauti. Alinikatalia kwa heshima. Diski ilikuwa inagonga, alisema, na mgonjwa anayekata roho hasumbuliwi kwa maswali. Kwanza tungenakili diski yote nzima kwenye diski nyingine, kisha tungefanya kazi juu ya nakala. Kazi hiyo ilichukua usiku mmoja na nusu ya siku iliyofuata.

Karibu kila kitu kilirudi. Rekodi nne ziliharibika, na mojawapo ilikuwa ya mzee aliyekwisha kufariki. Alinidai shilingi elfu sitini, na akanishauri ninunue diski mbili za nje, si moja. Kompyuta yenyewe aliiwekea diski mpya. Namba ya leseni ya ule mfumo wa awali ilikuwa kwenye kibandiko chini ya mashine, na joto pamoja na mapaja yangu vilikuwa vimeifuta tarakimu zake. Kwa hiyo akaniwekea Linux. Kompyuta ile mtengenezaji aliyokwisha kuisahau ilinifanyia kazi miaka mingine sita.

Sasa nije kwenye kile kilichokuwa ndani ya rekodi, kwa sababu siamini kwamba ni sadfa tupu. Wazee wale, karibu wote, walipoulizwa ushirika ulianzaje, walianza na mizani. Kabla ya Uhuru mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Pamba ilikuwa ya mkulima, jasho lilikuwa la mkulima, lakini chombo kilichosema pamba hiyo ina uzito gani kilikuwa mikononi mwa upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki vipimo. Kutokana na hatua hiyo ndogo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wazee hao hawakudai kwanza kiwanda wala meli. Walidai kuisoma mizani.

Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Mmoja wa wazee wangu aliniambia kwamba kilichorudi kilikuwa jina. Magodauni yalikuwepo, mihuri ilikuwepo, lakini watu walioujua ushirika walikuwa wametawanyika, na mazoea ya wanachama kuulizana hesabu yalikuwa yamekufa. Nilipokuwa nimekaa juu ya ile ndoo Kariakoo nilimkumbuka. Naye alikuwa amerejeshewa mashine iliyosafishwa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Mtu hamiliki chombo kwa sababu tu amekilipia. Anakimiliki pale anapoweza, yeye au fundi wa mtaani kwake, kukifungua, kukielewa na kukirudisha kazini bila kuomba ruhusa kwa aliyekiuza. Kinyume cha hapo yeye ni mpangaji aliyelipa kodi yote kwa mkupuo mmoja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nao hawakuwa wanazungumzia nguo peke yake.

Mnaweza kuniambia kwamba haya ni ya mwaka 2016, na kwamba diski za duara zimekwisha kupitwa na wakati. Ni kweli, na kompyuta nyingi za leo hazina hata tundu la kuziingizia. Siku hizi mtu aweza kupakua mfumo kutoka kwenye intaneti na kuuweka kwenye flashi, na hilo ni jambo jema. Lakini ufunguo haukurudi kwa mwenye mali, ulihama tu. Kompyuta nyingi za kisasa zenye Windows hufunga diski nzima kwa usimbaji uitwao BitLocker. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na kwa watumiaji wengi huhifadhiwa katika akaunti yao ya Microsoft. Nia ni njema, maana mwizi akiiba kompyuta asisome barua za mtu. Hata hivyo, mwaka jana alinijia mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye kompyuta yake, baada ya kubadilishiwa ubao mkuu, ilimdai tarakimu hizo. Akaunti alifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua, kwa anwani ya barua pepe ambayo wote wawili hawaikumbuki. Safari hii hata fundi wa Kariakoo hakuwa na la kufanya. Sura nne za tasnifu zimo ndani ya diski iliyo nzima kabisa, na hakuna anayeweza kuzifikia.

Kuna na hili jingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri hazikidhi masharti ya Windows 11. Katika ofisi zetu za umma mashine hizo sasa zinaitwa chakavu, ingawa hakuna kilichochakaa ila ahadi ya aliyeziuza. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila mashine inayotupwa kwa kukosa ufunguo inaongeza lundo hilo.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Watengenezaji wana hoja zao. Kuandika mfumo endeshi kunagharimu fedha nyingi, na sisi hapa kwetu tumezoea mno nakala za wizi, kiasi kwamba wengine hawajui kama programu huuzwa. Sitetei wizi. Lakini mimi nililipia leseni ndani ya bei ya kompyuta, na aliyelipia akinyimwa njia halali ya kukirudisha alichokilipia, anasukumwa mwenyewe kwenye nakala ya wizi. Nao wengine wameliona hili. Jimbo la California, katika sheria iliyosainiwa mwaka 2023, linawataka watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki vya bei ya dola 100 na zaidi watoe vipuri, zana na maelekezo ya ukarabati kwa miaka saba. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo yake kuhusu haki ya ukarabati, ambayo nchi wanachama zinatakiwa kuyatumia kuanzia tarehe 31 Julai 2026, yakigusa bidhaa kama simu, majokofu na mashine za kufulia. Wateja wa huko wakipewa haki hiyo nasi tukanyamaza, tutauziwa bidhaa zile zile bila haki ile.

Sisi tufanye nini? Naanza na mnunuzi mkubwa kuliko wote, yaani Serikali na taasisi zake, vikiwemo vyuo vikuu. Hati ya zabuni ya kompyuta hutaja ukubwa wa kumbukumbu na kasi ya kichakato. Itaje pia kwamba muuzaji atakabidhi nyenzo za kurejesha mfumo, funguo zote za dharura, na uhakika wa vipuri kwa miaka inayojulikana, na kwamba bila hivyo halipwi. Kampuni isiyomjibu mhadhiri mmoja italijibu taifa linalonunua kwa maelfu.

Pili, tuwatambue mafundi. Yule kijana wa Kariakoo hakuwa na cheti ukutani, lakini alijua kanuni ambayo fundi mwenye kiyoyozi hakuijua, kwamba kwanza huokolewa kazi ya mtu na ndipo hutengenezwa mashine. VETA na vyuo vikuu wangeweza kuwapima, kuwapa vyeti na kuwaita wafundishe. Uwezo tunao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Watu waliothubutu kuitafsiri programu nzima hawashindwi kuandika kijitabu cha kurasa ishirini cha namna ya kuiokoa kompyuta iliyogoma kuwaka.

Tatu ni sisi wenyewe. Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wangu, makarani wa mahakama, waganga wa zahanati mnaoandika takwimu za wagonjwa kwenye laptopu moja: wekeni nakala mbili, moja iwe nyumba nyingine. Andikeni ufunguo wa dharura kwenye daftari la karatasi. Na fundi yeyote akiwaambia kwamba atapiga Windows, mzuieni mkono kwanza, mkamuulize vitu vyenu vitakwenda wapi.

Faili la mzee yule ninalo hadi leo, katika diski zote mbili. Lina jina lake, jina la kijiji na tarehe ya mahojiano, na linaonyesha kwamba tulizungumza kwa saa moja na dakika kumi na mbili. Nimewapelekea mafundi wanne, na kila mmoja amelirudisha kama alivyolipokea. Mjukuu wake alinipigia simu mwaka jana akiomba asikie sauti ya babu, nami nikalazimika kumweleza kwamba sauti ilikuwepo.